Mlango wa Fizikia: Njia ya Udaktari wa Meno kwa Vijana wa Mbulu na Hanang

Mhadhara kwa wanafunzi wa sekondari, wazazi na walimu, Katesh



Kabla sijasema mengi naomba mnitazame meno. Nitayaonyesha vizuri ili hata walioketi nyuma wayaone. Yana mistari ya kahawia, na haya mawili ya mbele yana vishimo. Nilizaliwa upande wa Dongobesh, nikanywa maji ya kisima kimoja tangu uchanga hadi nikaingia darasa la tatu, na kisima kile kimebaki kinywani mwangu mpaka leo. Nilipofika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, mwenzangu wa bweni aliniuliza, kwa wema kabisa, kama nyumbani kwetu hatukuwa na desturi ya kupiga mswaki. Nilikuwa nimepiga asubuhi ile, kama nilivyopiga kila asubuhi ya maisha yangu. Sikuwa na jibu la kumpa. Leo mimi ni daktari wa meno na jibu ninalo, na meno haya nimeyaacha yalivyo ili mtoto wa Basotu au wa Yaeda Chini akiketi kwenye kiti changu aone kwamba anayemtibu alikunywa maji kama yake.

Majuma matatu yaliyopita binti wa kidato cha tatu alinisubiri nje ya chumba cha matibabu. Alikuwa amemleta mdogo wake kung'olewa gego. Akaniamkia, kisha akasema: "Daktari, na mimi nataka kuwa daktari wa meno. Nisome digrii gani kwanza, ndipo niombe chuo cha meno?"

Nikamuuliza habari za digrii ya kwanza alizipata wapi. Alikuwa ameona video kwenye simu ya kaka yake. Mmarekani mmoja anawashauri vijana: chagua shahada unayoipenda, iwe Biolojia, iwe Kemia, iwe hata muziki, halafu uombe shule ya meno. Nikamuuliza: "Mwanangu, Fizikia unasoma?" Akainamisha kichwa. "Niliiacha mwaka huu, daktari. Mwalimu hatukuwa naye."

Usiku ule sikulala vizuri. Binti yule alikuwa anajiandaa kwa uamuzi ambao hapa kwetu haupo, na uamuzi uliopo alikuwa ameshaufanya bila kujua kwamba anaamua. Ndiyo maana nilipoombwa kuzungumza nanyi leo sikuhitaji kutafuta mada.

Njia yao na njia yetu

Tuanze na ile video, kwa sababu yule Mmarekani hakusema uongo. Kwao mwanafunzi akimaliza sekondari husoma shahada ya kwanza kwa miaka minne, kisha huomba shule ya meno na kusoma miaka minne mingine. Shule ya meno haimbani sana katika jina la shahada ile ya kwanza. Inachotaka ni kwamba ndani ya miaka ile minne awe amesoma Biolojia, Kemia ya kawaida na ile ya kaboni, pamoja na Fizikia, tena awe amefanya mtihani maalumu wa kuombea nafasi. Ndiyo kusema hata huyo aliyesoma muziki, masomo matatu ya sayansi hakuyakwepa. Aliyasoma pembeni ya muziki wake.

Kwetu njia ni nyingine. Chuo cha kwanza duniani kilichoanzishwa kwa ajili ya meno peke yake kilifunguliwa Baltimore, huko huko Marekani, mwaka 1840, na ndicho kilichoanza kutoa shahada iitwayo DDS. Mafunzo ya madaktari wa meno yalipoanza Muhimbili mwaka 1979, jina hilo la shahada ndilo lililotumika, na linatumika hadi leo. Lakini mpangilio wa masomo haukufuata wa Marekani. Muhimbili humchukua kijana moja kwa moja kutoka kidato cha sita na kumsomesha miaka mitano. Nairobi, iliyoanza mwaka 1974, na Makerere, iliyoanza mwaka 1982, nazo hazimdai mtu shahada ya kwanza kabla ya kuingia. Baada ya shahada huja mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, chini ya usimamizi, kabla ya Baraza la Madaktari Tanganyika kukukubali kuwa daktari kamili.

Fanyeni hesabu nami. Mmarekani: minne na minne, jumla nane. Mtanzania aliyemaliza kidato cha nne: miwili ya kidato cha tano na sita, mitano ya chuo, mmoja wa utarajali, jumla nane. Urefu wa safari haupishani sana. Kinachopishana ni mahali pa njia panda. Mmarekani huifikia akiwa chuoni, ana miaka kumi na minane au ishirini, na akikosea anaweza kuongeza somo muhula unaofuata. Mtoto wa Hanang huifikia akiwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano, mara nyingi bila mtu wa kumwambia kwamba hapa njia inagawanyika.

Milango mitatu

Mlango wa kwanza uko mwisho wa kidato cha pili. Kwa utaratibu tuliouzoea, Biolojia na Hisabati huendelea kwa kila mwanafunzi, lakini Fizikia na Kemia mtu huweza kuziacha anapoingia kidato cha tatu. Hapa ndipo tunapowapoteza watoto wengi zaidi, na tunawapoteza kimyakimya. Hakuna barua inayoandikwa. Mzazi hajui. Mwalimu mmoja anahamishwa, kipindi kinakaa wazi miezi mitatu, wanafunzi wanaona hesabu za mwendo na nguvu ni ngumu, na darasa zima linahamia upande wa sanaa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu na mimi nilipita hapo. Shule niliyosoma, ambayo sina haja ya kuitaja, haikuwa na mwalimu wa Fizikia, na tuliambiwa tuchague masomo "yanayofaulika". Nikaiacha. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kosa lile liliniongezea miaka mingi, nami nitawasimulia.

Mlango wa pili ni tahasusi. Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, mwanafunzi huchagua mchanganyiko wa masomo matatu atakayosoma kidato cha tano na sita. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa kutoka 16 hadi 65. Kuongezeka huko ni jambo jema, ila kumeongeza pia nafasi ya kupotea, hivyo sikilizeni vizuri. Kwa anayetaka udaktari wa meno tahasusi ni PCB: Fizikia, Kemia na Biolojia. CBG ina Kemia, Biolojia na Jiografia. CBA ina Kemia, Biolojia na Kilimo. Zote ni tahasusi nzuri, zenye kazi nzuri mbele yake. Lakini Fizikia haimo, na bila Fizikia maombi yako ya udaktari wa meno hayapiti. Nimewaona vijana wenye alama za juu sana za CBG wakilia mbele ya kompyuta mwezi wa Julai. Alama walikuwa nazo. Somo hawakuwa nalo.

Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu umekuwa ukitaka angalau D katika kila moja ya masomo hayo matatu, yaani pointi sita kwa jumla. Msidanganyike na sita hiyo. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba. Nafasi zenyewe ni chache, waombaji ni wengi, na wanaozipata huwa na alama zilizo juu zaidi ya hapo. Masharti nayo hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo kila mwaka usome mwongozo wa mwaka huo, wala usitegemee maneno ya mtu aliyeomba zamani kama mimi.

Mlango wa tatu ndio nilioingilia mimi. Aliyefaulu kidato cha nne, akiwa na ufaulu katika masomo manne yakiwemo Biolojia, Kemia na Fizikia, anaweza kuomba stashahada ya utabibu wa meno, miaka mitatu, katika vyuo kama vile vya Tanga na Mbeya. Anatoka akiwa tabibu wa meno: anapima, anapiga ganzi, anang'oa, anaziba, anafundisha shuleni na kliniki ya mama na mtoto. Vituo vyetu vingi vya afya vinasimama kwa mikono ya matabibu hawa. Kisha, akiwa na wastani mzuri wa stashahada, yaani B au GPA ya 3.0, na alama za kidato cha nne zinazotakiwa, anaweza kuomba DDS.

Mimi ile Fizikia niliyoiacha ilibidi niirudie kama mtahiniwa wa kujitegemea, huku nikiuza duka la mjomba. Nikafaulu kwa D. Nikaenda Tanga, nikahitimu, nikafanya kazi miaka saba, na nilipoingia Muhimbili nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Sijutii miaka ile ya utabibu. Wenzangu wengi tuliosoma nao Muhimbili walijifunza kushika koleo wakiwa mwaka wa nne. Mimi nilikuwa nimeshang'oa meno hata idadi siikumbuki. Lakini mtu asije akaita njia hii ya mkato. Ni njia ndefu yenye riziki katikati. Anayetoka katika familia isiyoweza kusubiri miaka nane bila mshahara aifikirie kwa heshima zote.

Angalieni basi: milango mitatu, na kila mmoja unauliza habari za Fizikia.

Masomo haya yako kinywani

Mtaniuliza, na mna haki ya kuuliza: Fizikia na jino vinahusiana nini? Je, hayo si masharti tu ya kuwachuja watu? Nawaomba twende kwenye kiti changu cha matibabu tukayaone.

Anakuja mzee kutoka Endasak na gego bovu. Watu hudhani jino huvutwa kama msumari. Jino halivutwi. Unalisukuma kuelekea kwenye mzizi, unalitikisa kwenda shavuni na kurudi ulimini, mfupa unatanuka kidogo kidogo, ndipo linapotoka. Koleo ni wenzo: mahali unaposhika mpini na mahali egemeo linapokaa ndipo penye tofauti kati ya jino kutoka zima na mzizi kuvunjikia ndani. Hiyo ni sura ya nyenzo, katika Fizikia ile ile aliyoiacha binti yule. Picha ya eksirei inayonionyesha mzizi uliopinda inatokana na ugunduzi wa mwanafizikia, Wilhelm Röntgen, mwaka 1895. Dawa ya kuzibia inayoganda kwa taa ya bluu inaganda kwa sababu mwanga una nishati. Ukikariri haya bila kuyaelewa, utakuwa fundi anayetegemea bahati.

Anakuja mama wa Gendabi, shavu limevimba, usaha umejaa. Ananiambia: "Nilikwenda mahali nikapigwa ganzi haikushika, nikang'olewa nasikia kila kitu." Mama huyu alisema kweli. Penye usaha nyama huwa na asidi, na asidi huizuia dawa ya ganzi isipenye vizuri kwenye mshipa wa fahamu. Anayejua Kemia hachomi pale pale penye usaha akarudia mara tatu. Anatafuta mshipa ule mbali na uvimbe, au anatoa usaha kwanza. Chumvi, asidi na besi zinazofundishwa ubaoni ndizo zinazoamua kama mtu atalia au hatalia kitini.

Biolojia sitaieleza sana kwa kuwa wote mnaikubali. Niseme moja tu. Mwaka 1958, daktari aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, Denis Burkitt, alichapisha taarifa juu ya watoto waliokuwa na uvimbe wa taya uliokua kwa kasi. Ilikuja kujulikana kuwa ni saratani ya aina yake, na leo inaitwa kwa jina lake. Ilianza kutambuliwa kwa mtu kutazama taya za watoto wa Afrika Mashariki na kujiuliza kwa nini zinafanana. Daktari wa meno hutazama mlango wa mwili mzima.

Maji yetu

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta katika kazi hii: meno ya kahawia.

Sisi tunaishi kwenye Bonde la Ufa, chini ya mlima uliozaliwa na volkano. Mlima Hanang ndio uliotushushia tope tarehe 3 Desemba 2023, hapa hapa Katesh, tukazika ndugu zetu. Miamba ya volkano ina madini mengi, na mojawapo ni floraidi. Maji yanayokaa muda mrefu ndani ya miamba hiyo huiyeyusha, ndiyo maana Manyara, Arusha, Kilimanjaro, Singida na Shinyanga zinajulikana kwa maji yenye floraidi nyingi. Si kila maji. Kisima hiki kinaweza kuwa nayo nyingi, na chemchemi iliyo umbali mfupi ikawa salama. Jicho halioni tofauti, wala ulimi hauonji. Magadi tunayopikia nayo huweza kuwa na floraidi.

Mtoto anayekunywa maji hayo tangu kuzaliwa mpaka miaka kama minane, wakati meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya ufizi, hujengewa jino lenye kasoro. Linapotoka lina mabaka, mistari, baadaye kahawia, pengine vishimo. Si uchafu. Haupo mswaki wa kuutoa. Wanaosugua kwa mchanga au mkaa wanamaliza ile ngozi ngumu ya jino na kubaki na maumivu. Maji yenye floraidi nyingi zaidi, yakinywewa miaka mingi, huharibu hata mifupa.

Historia ya kulijua jambo hili ni somo tosha kwa anayechagua masomo. Mwaka 1901, daktari kijana wa meno aitwaye Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia kama yangu. Hakuna aliyejua sababu. McKay alishuku maji, akazunguka mji kwa mji, akaandika, akahoji. Alikuwa mwangalifu na mvumilivu, lakini vipimo vya maji vya wakati ule havikuonyesha kitu. Jibu lilikuja mwaka 1931, miaka thelathini baadaye, kutoka kwa mkemia wa kampuni ya alumini, H. V. Churchill, aliyepima maji kwa njia mpya na kukuta floraidi. Daktari alikuwa na swali, mkemia alikuwa na jibu, na katikati yao ilipita miaka thelathini. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids huko huko ulianza kuongeza floraidi kidogo kwenye maji yake, kwa maana kiasi kidogo hulinda jino lisioze. Wao wanaongeza, sisi tunatakiwa kupunguza. Elimu ni ile ile moja.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu maji ya vijijini yafike hata 8, kwa kuwa mengine hayakuwepo. Kikomo kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5. Kuandika kikomo kwenye karatasi ni rahisi kuliko kukifikia kisimani. Kituo cha Ngurdoto, Arumeru, kimefanya kazi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa, inasagwa, maji yanapitishwa humo. Mfupa wa ng'ombe huinasa floraidi kwa sababu ile ile inayofanya jino la mtoto liinase, maana mfupa na jino vimejengwa kwa madini ya jamii moja, ya kalsiamu na fosfati. Nilipoielewa sentensi hiyo kwa mara ya kwanza, nilikumbuka swali la yule mwenzangu wa bweni. Jibu lake lilikuwa limekaa ndani ya kitabu cha Kemia siku zote.

Naomba pia msidhani kwamba anayetaka kuponya meno ya watu hawa lazima awe daktari. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Chuo cha Nelson Mandela, Arusha, alitengeneza chujio linaloweza kuondoa floraidi na uchafu mwingine kwenye maji, na mwaka 2015 akashinda tuzo ya uhandisi wa Afrika inayotolewa na taasisi ya kifalme ya uhandisi ya Uingereza. Mimi hurekebisha jino moja baada ya jingine. Mhandisi wa maji anaweza kuyaokoa meno ya kijiji kizima kabla hayajaota. Kijana, ukijiona unapenda maji kuliko vinywa, nenda kwa amani. Fizikia na Kemia utazihitaji huko pia.

Somo lisilo kwenye fomu

Kuna somo moja, la kuwajua watu, halipo kwenye tahasusi yoyote kati ya zile 65, na bila hilo PCB yako itakosa mikono.

Tangu miaka ya 1980 katika nchi yetu imeenea imani ya "meno ya plastiki". Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, ufizi umeinuka na kuwa mweupe pale chonge linapojiandaa kutoka. Bibi au jirani anasema hilo ni jino baya, lisipotolewa mtoto atakufa. Anapelekwa kwa mtu anayeuchimba ufizi kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli. Mtoto hupoteza damu, hupata maambukizi, wengine hufa. Waliopona hukua na chonge la ukubwani likiwa limeharibika au halipo. Ile homa na kuharisha vilikuwa na sababu nyingine, na tiba yake ilikuwa zahanati, pengine kwa maji ya chumvi na sukari tu.

Nimewaona watoto hao. Na nimejifunza kwamba kumfokea yule bibi hakusaidii. Yeye alimpenda mjukuu wake. Anahitaji mtu wa kuketi naye na kumweleza kwa Kiiraqw au kwa Kidatooga, akianza na heshima na kumalizia na jino la plastiki lenyewe mkononi, amwonyeshe kuwa lilikuwa jino changa la kawaida ambalo bado halijawa gumu. Daktari mgeni atasoma miaka mitano na bado atahitaji mkalimani. Wewe uliyezaliwa Maretadu au Balang'dalalu lugha hiyo umeinyonya kwa mama. Usiione aibu, ni sehemu ya vifaa vyako vya kazi.

Na usije ukadhani unawajua watu kwa kuwa umezaliwa nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu meno ya Wahadzabe, majirani zetu wa Yaeda Chini na Ziwa Eyasi, ulikuta kwamba kuhamia kijijini na kula unga kuliharibu meno ya wanawake, lakini wanaume waliobaki porini walikuwa na meno mabovu kuliko wa kijijini, na asali ikatajwa miongoni mwa sababu. Tuliodhani chakula cha porini daima ni salama, tulifundishwa. Kwa hiyo ukiwa PCB endelea kusoma historia, endelea kuuliza wazee, endelea kuandika Kiswahili kizuri. Hayo hayaombwi na Tume ya Vyuo Vikuu. Yanaombwa na mgonjwa.

Kwa wazazi na walimu

Wazazi wangu, nina maombi mawili. La kwanza: mtoto akimaliza kidato cha pili, mwulizeni ameacha somo gani na kwa nini. Akisema hakuna mwalimu, msikubali iishie hapo. Nendeni shuleni mkiwa kundi. Tunachangia harusi, tunachangia misiba, tunaweza kuchangia posho ya mwalimu wa muda wa Fizikia. Na binti asiambiwe kwamba somo hilo ni la wavulana. Vidole vyake ndivyo vinavyotakiwa mahali padogo kama kinywa cha mtoto.

La pili: msiuchukue udaktari wa meno kuwa masalio ya waliokosa udaktari wa binadamu. Nimesikia mzazi akisema, "Basi, hata meno." Kinywa ni cha binadamu. Anayekiingilia kwa shingo upande hukaa nacho kwa shingo upande, na mgonjwa hulitambua hilo kabla ya ganzi kushika.

Juu ya fedha nitakuwa mfupi. Bodi ya Mikopo huwakopesha wanafunzi wa shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 imeanza kuwakopesha pia wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Upo pia ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022, kwa waliofanya vizuri zaidi katika sayansi kidato cha sita. Tayarisheni vyeti vya kuzaliwa mapema. Nimeona ndoto ikikwama kwa cheti cha kuzaliwa.

Walimu wangu, kazi yenu naijua na sitaongeza mzigo. Naomba jambo moja: kabla hamjampa mtoto ruhusa ya kuacha Fizikia au Kemia, mwonyesheni orodha ya kazi anazoziacha pamoja na somo hilo. Karatasi moja ukutani inatosha. Laiti ingekuwepo kwenye ukuta wa darasa langu.

Nirudi kwa yule binti. Nilipomaliza kumtoa mdogo wake gego na kumpa pamba aiume, nilikaa na dada mtu kwenye benchi. Nilimwambia asitafute digrii yoyote ya kwanza. Nilimweleza milango mitatu kama nilivyowaeleza ninyi. Akaniuliza kama amechelewa. Nikamwambia hapana: yuko kidato cha tatu, muhula bado haujaisha, na wakati wa kujisajili kwa mtihani wa kidato cha nne haujafika. Nilichelewa mimi, na hata mimi nilifika.

Juzi amenitumia ujumbe kwa simu ya kaka yake. Mkuu wa shule amekubali arudi. Wako wanne sasa waliorudi, na mwalimu wa muda amepatikana, anakuja Jumanne na Alhamisi. Wameanza na sura ya nyenzo.